Matokeo ya kidato cha sita na utabiri wa nafasi ya chuo

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, nchi yetu hupata watabiri wapya. Sisemi wale wa nyota. Nawasema wajomba, walimu wastaafu, makondakta, na jirani yeyote aliyewahi kulala bweni. Kijana analeta herufi zake tatu, nao kabla chai haijapoa wameshamwambia atasoma nini, chuo gani, na kama mkopo atapata au hapati. "Divisheni wani hiyo! Huo ni udaktari, mama, andaa shuka!"

Wiki hii nataka tuutazame utabiri huo kwa jicho la historia, na nitawaomba mnifuate hadi kata ya Bukiriro, wilaya ya Ngara, kule mwisho wa mkoa wa Kagera ambako nchi yetu inapakana na Rwanda na Burundi. Nimechagua huko kwa sababu moja. Mzazi wa Kariakoo utabiri ukimwendea kombo hupoteza nauli ya daladala, na jioni amerudi kwake. Mzazi wa Bukiriro, anayeishi kwa migomba, maharage na vikonyo vichache vya kahawa, akiambiwa mwanawe ni daktari mtarajiwa, huuza mbuzi kwanza na kuuliza maswali baadaye. Mbuzi hawarudi.

Kosa la watabiri wetu ni kuchanganya vitu viwili. Alama ya mtihani inaeleza mwanafunzi amejibu nini siku ile. Nafasi ya chuo inaeleza jambo lingine: wenzake wamejibu nini, viti viko vingapi, na ni kanuni gani imewekwa katikati. Karatasi ya matokeo ina habari ya kwanza tu. Hiyo ya pili haimo, na hapa kwetu, tangu uhuru, imebadilika mara nyingi kuliko wengi wanavyokumbuka.

Tuanze Oktoba 25, mwaka 1961. Siku hiyo Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifungua milango yake katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiofika 15. Digrii zilikuwa za Chuo Kikuu cha London. Mitihani ya mwisho ya sekondari nayo ilikuwa ya Cambridge, maswali yakitoka huko na majibu yakirudi huko. Serikali ya uhuru, katika mpango wa maendeleo wa miaka mitano ulioanza 1964, ikajiwekea lengo kwamba ifikapo 1980 nchi iwe inajitosheleza kwa wataalamu wake yenyewe. Basi viti vya kidato cha tano na cha sita vikahesabiwa kwa kutazama kazi zilizokuwa zikisubiri watu. Aliyefika kidato cha sita enzi hizo na kufaulu vizuri alikuwa amekaribia sana hakika ya chuo. Wajomba wa wakati ule walitabiri kwa usahihi mkubwa, na nadhani hapo ndipo ukoo mzima wa watabiri ulipopata kiburi chake.

Lakini walikuwa sahihi kwa sababu chujio lilikwisha kupita. Lilikuwa chini kabisa, darasa la nane na baadaye la saba, na huko ndiko mtoto wa Ngara alikopotea bila mtu kumtabiria lolote.

Tazameni ramani ya Kagera, mkoa uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi hadi baada ya vita vya Idi Amin. Wamisionari Wazungu waliojulikana kama Mapadri Weupe walijenga Kashozi, karibu na Bukoba, mwaka 1892. Shule zenye majina makubwa, Ihungo, Nyakato, Rugambwa, zote ziko upande huo wa Bukoba. Ngara na Biharamulo zilibaki nyuma, mbali, kwa barabara ya vumbi iliyokula siku nzima ya msafiri. Hivyo mtihani uliposhindanisha watoto wa mkoa mmoja kwa alama tupu, kwa kweli ulikuwa ukishindanisha miaka ya kufunguliwa shule. Nasema hivi bila kuwavunjia heshima ndugu zetu wa Bukoba, ambao walisoma kwa bidii na hakuna aliyewapa bure.

Katika miaka ya 1970 Serikali ikaingiza mgao. Nafasi za sekondari zikagawanywa kwa mikoa, na baadaye kwa wilaya, ili kila sehemu ipate fungu lake. Hapo utabiri ukapinduka. Alama iliyomvusha mtoto wa wilaya iliyokuwa nyuma haikutosha kumvusha mwenzake wa Bukoba au Moshi. Wazazi wa sehemu hizo walinung'unika sana, kisha wakaacha kunung'unika wakaanza kujenga: sekondari za binafsi, za makanisa na za jumuiya zikachipuka Kagera na Kilimanjaro kuliko karibu kwingine kote. Kwa hiyo mgao uliokusudiwa kupunguza pengo ulisaidia kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ukawasukuma waliotangulia kutafuta njia nyingine ya kutangulia. Mimi bado naona mgao ulikuwa wa haki. Mtoto hachagui wilaya ya kuzaliwa.

Sasa tufike Musoma, Novemba 1974. Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana huko na kupitisha azimio ambalo wasomi wa umri wangu hawawezi kulisahau. Kijana akimaliza kidato cha sita, hata awe na alama za kung'aa namna gani, haendi chuo kikuu moja kwa moja. Aende kwanza Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi isiyopungua miaka miwili, na anapoomba chuo awe na mapendekezo ya mwajiri wake na ya Chama mahali anapoishi. Tayari Oktoba 1966 nchi ilishaona mgogoro wa wanafunzi waliopinga masharti ya kulitumikia Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao zaidi ya 300. Musoma ilikwenda mbali zaidi. Iliweka tabia na kazi katika mizani ileile ya alama. Kuanzia 1976 hata matokeo yenyewe hayakuwa ya mtihani wa mwisho peke yake, kwani kazi za mwanafunzi shuleni zilianza kuhesabiwa humo.

Fikirieni hesabu ya mtabiri wa wakati huo. Herufi tatu zinaonekana, lakini moyo wa katibu wa tawi hauonekani. Matokeo mengine hayakukusudiwa kabisa: idadi ya wasichana chuoni ilishuka, kwa kuwa miaka mitatu ya kusubiri kwa binti ilikuwa miaka ya posa na ndoa, na Serikali ikalazimika kuwaruhusu wasichana waingie moja kwa moja. Katika miaka ya 1980 sharti lote likalegezwa.

Mfano wa maisha ya wakati huo tunao kutoka palepale Biharamulo. Mtoto mmoja wa Chato, ambayo siku hizo ilikuwa ndani ya wilaya ya Biharamulo, alimaliza shule ya msingi 1974, akaingia Seminari ya Katoke mwaka uliofuata, akahamia Lake Sekondari ya Mwanza, na kidato cha sita akakimaliza Mkwawa, Iringa, 1981. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hakukiona hadi 1985. Katikati alisomea stashahada ya ualimu, akafundisha Sengerema, akapita Jeshi la Kujenga Taifa. Alihitimu 1988 katika kemia na hisabati, na mwaka 2015 akaapishwa kuwa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Naam, ni John Pombe Magufuli. Siyataji haya kwa ajili ya siasa. Nayataja kwa sababu mtu aliyeitazama karatasi yake ya matokeo mwaka 1981 asingeweza kusoma humo miaka minne iliyokuwa mbele yake. Na tuone pia kwamba mlango wake wa kwanza wa sekondari ulikuwa seminari. Watoto wengi wa pembe ile ya nchi walipitia kwa padri pale ambapo nafasi za Serikali zilikuwa za kuhesabu kwa vidole.

Mambo yakaenda hivyo hadi ukaja mwaka 1994, ambao Ngara haitausahau. Mwishoni mwa Aprili, katika muda wa siku moja hivi, watu zaidi ya laki mbili waliokimbia Rwanda walivuka daraja la Rusumo na kuingia wilaya ile. Kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kwa usiku mmoja. Wananchi wa Ngara waliwapokea, na dunia ikawasifu. Lakini kuni zikaisha, barabara zikachakaa, na baadhi ya walimu wakaweka chaki chini wakaenda kufanya kazi katika mashirika ya misaada ambako mshahara ulikuwa mara kadhaa ya ule wa Serikali. Sitawalaumu, maana mwalimu naye ana watoto. Ila mwanafunzi wa Ngara aliyefanya mtihani miaka ile alipewa karatasi ileile aliyopewa mwenzake wa Dar es Salaam, na pembeni mwa namba yake ya mtihani hapakuwa na mahali pa kuandika kwamba mwalimu wa fizikia aliondoka Juni.

Ndugu wasikilizaji, tuje sasa kwenye kanuni za karibuni, na hapa naomba mshike kalamu.

Baraza la Mitihani la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973 baada ya Tanzania kujitoa katika baraza la Afrika Mashariki, hupanga divisheni kwa kujumlisha pointi. Katika kidato cha sita A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Zinahesabiwa za masomo matatu ya mchepuo. Jumla ikiwa 3 hadi 9 ni divisheni ya kwanza, 10 hadi 12 ya pili, 13 hadi 17 ya tatu. Ndogo ndiyo nzuri.

Lakini Tume ya Vyuo Vikuu, iliyoundwa kwa sheria ya 2005, inahesabu kinyume. Kwake A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kubwa ndiyo nzuri. Na sharti la chini la kuingia digrii ya kwanza ni ufaulu wa masomo mawili yanayohusu programu unayoomba, jumla yake isipungue pointi 4, kwa mfano D mbili.

Sasa chukueni vijana wawili wa kufikirika, wote wa Bukiriro, wamekaa dawati moja. Wa kwanza amepata E tatu. Jumla yake kwa Baraza ni 15, divisheni ya tatu. Wa pili amepata D mbili na F moja. Jumla 4 na 4 na 7, nayo ni 15, divisheni ya tatu. Kijijini wote ni "thrii", wanapongezwa sawasawa, na mjomba anatoa utabiri mmoja kwa wote wawili. Lakini kwa hesabu ya Tume, E mbili bora za wa kwanza zina pointi 2 tu, na mlango umefungwa. D mbili za wa pili zina pointi 4, na kama masomo hayo mawili ndiyo yanayotakiwa na programu, anaruhusiwa kuomba. Aliyefaulu masomo yote matatu anabaki nje, na aliyeanguka moja anaingia kwenye foleni. Sisemi kanuni hiyo ni mbaya, maana chuo kinataka mtu anayelijua vizuri somo atakaloendelea nalo. Nasema tu kwamba divisheni haikuwekwa kwa kazi ya kutabiri chuo, na tunaitumia hivyo kila siku.

Hata juu, kwenye divisheni ya kwanza, mambo ni hayohayo. C tatu ni pointi 9. A moja, C moja na E moja ni pointi 9 vilevile. Kwa programu inayotazama masomo mawili, huyu wa A na C ana pointi 8 na yule wa C mbili ana 6. Kwa udaktari, unaotazama fizikia, kemia na baiolojia yote matatu, ile E inaweza kugeuka mwiba.

Isitoshe, herufi zenyewe zimewahi kubadilika thamani. Mwaka 2014 ulianza mfumo wa wastani wa pointi, wenye B na B ya kujumlisha, na divisheni zikawekwa kando. Januari 2016 Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, akaagiza divisheni zirudi. Katikati ya amri hizo mbili kuna vijana waliofanya mtihani 2014 na 2015. Kwao, wanapoomba chuo, C inahesabiwa pointi 2. Aliyemaliza 2013 au 2016 C yake ni 3. Ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuwa na vyeti vyenye herufi zilezile na thamani tofauti, na nyumbani wasijue mpaka siku ya kujaza fomu. Kwa kidato cha nne hata matokeo yaliyokwisha kutangazwa yalipata kubadilishwa: yale ya mtihani wa 2012, ambamo karibu asilimia 60 walipata sifuri, yalitangazwa Februari 2013, yakafutwa Mei mwaka huohuo na kupangwa upya. Kijana aliyelia Februari pengine alicheka Juni. Hakujifunza kitu kipya katikati.

Na namna ya kuomba nayo imehama. Kuanzia 2010 maombi yote yalipitia mfumo mmoja wa Tume, kompyuta ikipanga waombaji kwa pointi na chaguo lao. Mwaka 2017 ukaondolewa, na waombaji wakarudi kuomba chuo kimoja kimoja. Pembeni kuna Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya 2004, ambayo kwa mtoto wa mkulima wa Ngara ndiyo huamua kama nafasi aliyopata ni nafasi kweli au ni barua tu.

Tangu mpango wa sekondari wa 2004 na shule za kata zilizoufuata, watoto wanaofika kidato cha nne wameongezeka kwa namna ambayo mzee wa 1961 asingeamini. Chujio lililokuwa darasa la saba limepanda hadi kidato cha nne na mlango wa chuo. Na palipo na chujio ndipo mjomba anapokosea. Kiwango cha mwisho cha kuingia programu yenye waombaji wengi hakijulikani kabla ya kuomba, kwa sababu kinatengenezwa na waombaji wenyewe wa mwaka huo. Cha mwaka jana ni dokezo tu.

Wapo waliojaribu utabiri wa kitaalamu kuliko wa mjomba. Uingereza, vyuo hutoa ahadi za nafasi kwa alama ambazo walimu wanakisia kabla mtihani haujafanywa. Mwaka 2020, mitihani ilipofutwa kwa sababu ya korona, mamlaka ya mitihani ya England ilitumia hesabu ya kompyuta iliyotazama, pamoja na mengine, jinsi shule ya mtoto ilivyofanya miaka ya nyuma. Karibu asilimia 40 ya alama zilizokisiwa na walimu zikashushwa. Mtoto hodari katika shule isiyo na sifa alivutwa chini na kaka zake wa miaka iliyopita, na vijana wakaandamana, na Agosti 17 hesabu hiyo ikatupwa. Mwaka huohuo kwetu shule zilifungwa Machi, lakini kidato cha sita wakarudishwa Juni mosi na kufanya mtihani wao kama kawaida. Yalisemwa mengi juu ya uamuzi ule na mengine yalikuwa na haki yake. Hata hivyo nafikiria hesabu ya England ingefanya nini kwa shule iliyofunguliwa juzi huko Ngara, isiyo na divisheni ya kwanza hata moja katika kumbukumbu zake. Ingemtabiria kila mtoto wake kufanana na waliomtangulia.

Januari 2023 Baraza la Mitihani lilitangaza kwamba halitataja tena shule kumi bora wala wanafunzi bora. Magazeti yalikosa ukurasa waliouzoea, na baadhi ya shule za binafsi zilikosa tangazo la bure. Shule za pembeni, ambazo kwenye orodha hiyo zilikuwa zikitajwa kwa nadra na aghalabu mkiani, hazikupoteza chochote.

Basi matokeo yatakapotoka, yule wa D mbili na F asome kwanza mwongozo wa Tume wa mwaka huo, mstari kwa mstari, aone programu gani zinataka masomo yake mawili, aombe zaidi ya moja, na fomu ya mkopo aijaze mapema maana inataka vyeti na sahihi zisizopatikana kwa siku moja. Mwenzake wa E tatu anaweza kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, au kuchukua stashahada, ambayo akiimaliza kwa wastani usiopungua 3.0 anaruhusiwa kuomba digrii kwa mlango mwingine. Mbuzi wangoje zizini hadi barua ya chuo ifike.